Dari na moto: namna ya kuichagua, kuikagua na kuifunga

Mwaka jana mpangaji wa nyumba moja ninayoisimamia aliniita nikaangalie "doa" kwenye dari ya sebule. Dari ilikuwa ya pivisi, ile nyeupe ya mistari inayong'aa, na kuzunguka taa moja palikuwa na duara la kahawia lenye upana wa kisahani cha chai. Plastiki ilikuwa imelegea na kuning'inia kama utando wa maziwa. Nikaweka ngazi, nikasukuma kifuniko cha tundu la kupandia, nikamulika tochi. Waya mbili zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, bila kiboksi cha maungio. Tepu imeyeyuka. Pembeni yake panya alikuwa amejijengea: majani makavu, vipande vya sponji ya godoro, mabaki ya mfuko wa nailoni. Nilishuka nikazima umeme wa nyumba nzima papo hapo, mikono inatetemeka, kwa sababu watoto watatu walikuwa wanalala chumba kilichofuata na dari ilikuwa hiyo hiyo moja.

Tangu siku ile sinunui dari kwa kutazama uzuri kwanza. Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga, anayekarabati, au aliyepanga nyumba ambayo hajawahi kuona kilichopo juu ya kichwa chake.

Kwa nini dari na si ukuta

Moto ukianza chumbani, joto lake hupanda. Moshi na hewa ya moto hugonga dari, hutambaa pande zote, kisha huanza kujaa kutoka juu kushuka chini. Ndiyo maana mtu aliyenaswa kwenye moshi huambiwa atambae. Tabaka hilo la juu likifika nyuzi joto 500 au 600 hivi, joto linalomwagika chini linatosha kuwasha kochi, zulia na mapazia kwa mpigo, hata kama havijaguswa na mwali. Aliyebaki ndani wakati huo hatoki. Dari inayowaka huisogeza karibu dakika hiyo. Dari isiyowaka huichelewesha, na pia huzuia moto usifike kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ambako mbao ni kavu na hewa ni tele.

Waliojifunza hili kwa machungu ni wengi. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki wa The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya kuzuia sauti iliyobandikwa ukutani na darini. Walikufa watu 100. Tarehe 27 Januari 2013, mjini Santa Maria, Brazil, ikawa vile vile kwenye klabu ya Kiss: fataki, sponji ya dari, watu 242. Januari 2022 ikawa zamu ya Yaoundé, Kamerun, ambako fataki zilishika dari ya klabu ya usiku na watu wasiopungua 16 wakapoteza maisha. Nayataja haya kwa sababu huku kwetu nimeona studio za muziki zilizobandikwa sponji na trei za mayai ukuta hadi dari, na kumbi za harusi ambazo dari yote imefunikwa vitambaa vya kuning'inia, halafu wakati wa kukata keki zinawashwa fataki za kurusha cheche juu. Kama wewe ni mwenye ukumbi, hapo ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kusoma hatua zinazofuata: fataki ndani ya ukumbi, hapana.

Hatua ya 1: Panda uone

Fanya mchana. Zima swichi kuu, funika pua na mdomo, shika tochi, na kanyaga mbao za kenchi tu, kwani ubao wa dari hauwezi kukubeba. Kama nyumba ni ya zamani na dari au paa ni shiti ngumu za kijivu, huenda ni asbesto. Hiyo haishiki moto, lakini ikivunjwa au kukatwa hutoa nyuzi ndogo mno zinazoingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Usiitoboe, usiikwangue, usiipige msumeno. Tafuta wataalamu wa kuiondoa.

Ukiwa juu, tazama maungio ya waya kwanza. Kila pale waya mbili zinapokutana panatakiwa kuwa na kiboksi chenye kifuniko, na ndani yake konekta za skrubu, si msokoto na tepu. Msokoto hulegea kadiri waya zinavyopata joto na kupoa, na ukilegea huchemka. Angalia kama waya zimepita ndani ya paipu au zimetupwa tu juu ya ubao. Ganda lenye alama za meno ya panya libadilishwe kipande kizima, usilifunike kwa tepu. Kagua pia unene: waya za taa kwa kawaida ni milimita 1.5 za mraba na za soketi 2.5, na breka ya sakiti ya taa iwe ya ampea 6 au 10. Nimekuta nyumba ambayo fundi, baada ya kuchoka na breka inayokata kila jioni, aliitoa akaweka ya 32. Breka ikaacha kukata, ila waya ndio zikawa zinachemka badala yake.

Kisha ondoa kila kilichohifadhiwa huko. Darini hapafai kuwa stoo. Maboksi ya televisheni, godoro la zamani, makopo ya rangi iliyobaki, yote yashuke. Viota vya panya na vya ndege vitoe kwa mkono wenye glavu, uvitie kwenye mfuko.

Kabla hujashuka, mulika tochi upande wa jirani. Kama unaona dari ya chumba chake, au ya fremu ya duka lake, una tatizo kubwa kuliko la dari yenyewe. Nitalirudia kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Chagua ubao kwa namna unavyotenda motoni

Jipsamu ndiyo ninayoipendekeza kwa vyumba vya kulala, korido na sebule, na sababu yake inafaa ieleweke ili usidanganyike dukani. Jipsamu ni madini yaliyofungamana na maji. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyoshikwa ndani ya chembechembe zenyewe, ingawa ukiigusa ni kavu. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 12 hubeba kiasi cha lita 4 hadi 5 za maji hayo. Moto ukiipiga, joto linatumika kwanza kuyatoa maji kama mvuke, na mpaka yaishe upande wa pili wa bodi hukaa karibu na nyuzi 100. Mbao za kenchi haziwaki kwa nyuzi 100. Maji yakiisha, bodi hunywea, hupasuka na kuanguka, kwa hiyo unene ni muda. Majedwali ya kanuni za ujenzi za Marekani huipa bodi ya kawaida ya milimita 9.5 dakika 10, ya milimita 12.7 dakika 15, na ile maalumu ya moto yenye milimita 15.9 dakika 40. Hiyo maalumu ina nyuzi za kioo ndani zinazoishikilia isisambaratike, na mara nyingi karatasi yake ni ya waridi. Ya kijani ni ya unyevu, usiichanganye. Fundi akikwambia "ya 9 na ya 12 ni sawa tu, tofauti ni bei", anakuuzia dakika tano pungufu.

Jipsamu ina adui mmoja, paa linalovuja. Ubao uliolowa na kukauka mara kwa mara hulegea kwenye skrubu na hauna nguvu ya kubaki juu wakati wa moto. Ziba bati kwanza.

Bodi za saruji na nyuzi, zile za kisasa zisizo na asbesto, nazo haziungui. Ni nzito na zinachosha kukata, lakini kwa jikoni ya mkaa au ya gesi na kwa baraza lenye unyevu sioni zinazozishinda.

Pivisi inahitaji kusemwa kwa haki. Si kweli kwamba inawaka kama petroli. Ukiondoa mwali, mara nyingi hujizima. Shida yake ni mbili. Huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, hivyo moto mdogo tu wa chini unaiporomosha na kuiachia kenchi wazi. Na pivisi tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, ambayo ikiungua hutoka kama gesi ya tindikali: ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa tindikali yenyewe. Mtu aliyelala huzidiwa na moshi huo kabla hajauona mwali. Iweke bafuni na barazani. Chumba cha watoto, bweni na korido ya kutokea, usiiweke.

Mbao za kuchomekana zinapendeza, na mbao nene huungua taratibu, kiasi cha milimita 0.7 kwa dakika. Lakini za dari ni nyembamba, zimepakwa vanishi, na mwali hukimbia juu ya uso wake chumba kizima. Habodi na plaiwudi nyembamba ni mbaya zaidi, kwani hushika upesi na hazina unene wa kuchelewesha chochote.

Kuna lile povu jeupe linalokuja limezunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Limeanza kuuzwa kama vigae vya dari, vyepesi, vyenye maua, vya kubandika kwa gundi. Hiyo ni polistaireni. Huyeyuka kwenye joto la maji yanayochemka hivi, kisha hudondoka matone yanayowaka juu ya kitanda. Sina mahali pa kuishauri ndani ya nyumba. Sponji ya kuzuia sauti ni hivyo hivyo, labda kama ina cheti cha moto unachoweza kukisoma.

Kwenye vyumba vya kupanga vya bei ya chini dari mara nyingi ni turubai, viroba vilivyoshonwa au shuka lililotandwa kuzuia vumbi na joto la bati. Siwezi kumwambia anayelipa kodi kwa shida anunue jipsamu. Ninachomwomba ni hiki: mshumaa, koroboi na jiko visikae chini ya kitambaa hicho, taa isigusane nacho, na kisifunike waya. Ukiweza kupata mabaki ya jipsamu kwa fundi, yafunge juu ya pale unapopikia tu. Hata mita moja ya mraba hapo ina maana.

Hatua ya 3: Soma cheti, kisha jaribu kipande

Bidhaa nyingi zinatoka nje, na karatasi zake zina daraja la moto. Kwa mfumo wa Ulaya, A1 na A2 ni zile zisizoungua au karibu haziungui, B huchangia moto kidogo sana, na unashuka hadi F. Baada ya herufi hufuata s1 hadi s3 kwa moshi na d0 hadi d2 kwa matone yanayowaka. Kwa dari itazame sana hiyo d, maana matone hayo yanakuangukia wewe. Omba d0. Jipsamu nyingi ni A2-s1,d0. Kwa mfumo wa Marekani, daraja A ni bodi ambayo kipimo chake cha kuenea kwa mwali hakizidi 25, B hakizidi 75, C hakizidi 200. Muuzaji akikuonyesha neno "fire proof" lililochapwa kwenye boksi bila namba wala jina la kipimo, hajakuonyesha kitu.

Mara nyingi hakuna cheti kabisa. Basi omba kipande cha ukubwa wa kiganja, toka nacho nje mahali pa wazi, weka ndoo ya maji na sufuria ya mchanga karibu, simama upande unaotoka upepo ili moshi usikufuate. Shika kipande kwa koleo juu ya mchanga, kiwashie kiberiti cha gesi kwenye ukingo kwa sekunde 15, kisha ondoa mwali na uhesabu. Kinaendelea kuwaka? Kinadondosha matone, na matone yanawaka yakifika mchangani? Moshi ni mweusi mzito? Jipsamu itachoma karatasi yake na kusita. Polistaireni itanywea ikikimbia mwali, halafu itadondoka. Kipande kinachoendelea kuwaka baada ya sekunde chache mrudishie muuzaji. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, linakusaidia tu kukataa kibaya. Usilifanye kwa shiti inayoshukiwa kuwa asbesto, na usilifanye ndani.

Hatua ya 4: Simamia ufungaji

Bodi nzuri iliyofungwa vibaya huanguka mapema. Simama na fundi siku ya kwanza, mkubaliane. Skrubu ziwe za jipsamu, si misumari, na ziingie kwenye mbao au chaneli ya chuma kwa umbali usiozidi sentimita 20 hivi kwenye dari. Kichwa cha skrubu kiishie kwenye karatasi bila kuitoboa, maana karatasi ikipasuka bodi inabaki imeshikwa na vumbi. Kila ungio liwe na mbao nyuma yake, litiwe tepu na kuzibwa. Nyufa za pembeni hazitoshi kufichwa na konishi, ule urembo wa pale dari inapokutana na ukuta. Zizibwe kabla konishi haijaja.

Halafu taa za kuchimbia. Kila taa ni tundu kwenye ngao uliyolipia, na siku hizi sebule moja inatobolewa mara 16 kwa ajili ya mapambo. Punguza. Zitakazobaki ziwe za ledi za wati 5 hadi 7, si halojeni za wati 50, ambazo mgongo wake unachoma kidole. Kile kiboksi kidogo cha umeme wa ledi kisilaliwe na sponji ya kuzuia joto wala kufunikwa na kitu. Ukibadilisha balbu ya kawaida, usizidishe wati zilizoandikwa kwenye holda.

Fundi umeme amalize na kukaguliwa kabla dari haijafungwa. Mimi hupiga picha za kila ungio la waya kwa simu, na kumtumia mwenye nyumba. Na tundu la kupandia lazima liwepo, lenye kifuniko cha bodi ile ile ya dari. Kifuniko cha plaiwudi nyembamba juu ya korido ni mlango ulioufungulia moto.

Hatua ya 5: Pandisha ukuta hadi kwenye bati

Hili ndilo ninaloliona kila mahali, kwenye fremu za maduka, vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, hata mabweni. Ukuta unaotenganisha chumba na chumba unaishia kwenye usawa wa dari, kisha juu ni wazi toka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Moto ukitoboa dari ya fremu ya kwanza, unatembea chini ya bati na kuwashukia wa fremu ya sita ambao hawajasikia hata harufu. Mwenye jengo ameokoa kozi chache za tofali.

Endeleza ukuta wa mgawanyo hadi uguse bati. Kama jengo limeshakwisha na tofali haliwezekani, jenga fremu ya chuma juu ya ukuta na uifunge jipsamu ya milimita 12 pande zote mbili. Pale mbao za paa, paipu na waya zinapopita, ziba kwa saruji na mchanga, usiache hata nafasi ya kupitisha mkono. Kwa nyumba ya familia moja anza na ukuta kati ya jikoni au gereji na vyumba. Mpangaji mwenzangu asiye na mamlaka juu ya jengo, piga picha kupitia tundu la dari na mpelekee mwenye nyumba. Mkiwa wapangaji wote ni rahisi zaidi kusikilizwa.

Hatua ya 6: Usiiharibu baadaye

Rangi ya maji juu ya jipsamu haina neno. Tabaka juu ya tabaka za rangi ya mafuta, karatasi za mapambo na vitambaa ni kuni mpya kwenye ubao usiowaka. Fundi wa intaneti au wa king'amuzi akitoboa dari, azibe siku hiyo hiyo. Weka kigunduzi cha moshi cha betri darini kwenye korido ya vyumba vya kulala, mbali kidogo na pembe ya ukuta, na ukibonyeze kila mwezi kusikia kama kinalia.

Ukinusa moshi unaotoka juu

Usifungue tundu la dari kuchungulia. Unaupa moto hewa na unauweka uso wako mbele yake. Amsha watu, tokeni nje mkiwa mmeinama, fungeni milango nyuma yenu. Kama swichi kuu iko njiani, izime. Kama haiko njiani, iache. Usimwage maji darini wakati umeme ungali unawaka. Tanzania piga 114 upate Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Kenya piga 999 au 112, na uwaambie mapema kwamba moto uko juu ya dari na kama kuta zinafika batini au la, ili wajue wamwage maji wapi.